"Mlinihesabu Lini?": Jinsi Idadi ya Wenye Kisukari Inavyokadiriwa

Haya ni maneno ya afisa wa afya ya umma alipozungumza na wakazi wa Laare, Igembe Kaskazini, katika baraza la wazi kabla ya Siku ya Kisukari Duniani, ambayo huadhimishwa Novemba 14 kila mwaka. Tunayachapisha kwa faida ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

  

Kabla sijasimama hapa, mzee mmoja amenishika mkono akaniuliza swali. Amesema, "Daktari, kwenye redio mnatuambia Wakenya wengi wana kisukari. Mimi nina miaka sitini na minane, nimeishi hapa Laare siku zote, na hakuna mtu aliyewahi kunitoboa kidole. Mlinihesabu lini?"

Mzee, mimi si daktari, ni afisa wa afya ya umma, lakini swali lako limenifurahisha. Nilikuwa nimekuja na hotuba nyingine. Nimeiweka mfukoni. Nitajibu hilo swali lako, kwa sababu naamini wengi hapa wanalo moyoni.

Jibu fupi ni hili: hatukukuhesabu. Na bado tunasema tunajua, kwa kiasi fulani, ni Wakenya wangapi wana kisukari. Niwaeleze hiyo inawezekanaje, inakosea wapi, na kwa nini inatuhusu sisi watu wa Nyambene.

Daftari la kliniki halitoshi

Mtu anaweza kusema, "Si mwende hospitalini mhesabu walioandikwa kwenye daftari?" Daftari hilo lina kazi yake. Kituo huangalia idadi ya wagonjwa wake kinapoagiza dawa. Lakini daftari linawajua wale tu waliofika, wakapimwa, wakaambiwa.

Kisukari kina tabia mbaya: kinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kubisha hodi. Mtu analima, anachuma miraa, anapanda pikipiki, anacheka na wenzake. Siku moja anapata kidonda cha mguu, kidonda kinakataa kupona, ndipo anapelekwa kupimwa. Siku hiyo ndipo jina lake linaingia kwenye daftari. Lakini ugonjwa haukuanza siku hiyo.

Mwaka 2015, Wakenya wazima walipoulizwa kama wamewahi kupimwa sukari maishani mwao, karibu 88 kati ya kila 100 walijibu hapana. Kama watu 88 hawajawahi kupimwa, daftari la kliniki litawajuaje? Anayehesabu kwa daftari peke yake anahesabu waliojua. Wasiojua wanabaki gizani.

Gunia la miraa

Basi, je, tupime kila Mkenya? Sensa ya 2019 ilitukuta tukiwa watu 47,564,296. Kumpima kila mmoja asubuhi kabla hajala ni kazi isiyowezekana. Kwa hiyo watafiti hufanya kile ambacho nyinyi hufanya kila siku sokoni.

Mnunuzi wa miraa anayejua kazi yake hafungui vibunda vyote vya gunia. Lakini pia hatazami vile vya juu tu, maana anajua muuzaji mjanja huweka vizuri juu. Anaingiza mkono katikati, anaingiza chini, anachomoa kibunda kimoja huku na kimoja kule, anafunua majani ya mgomba, anaangalia. Kwa vibunda vichache anajua gunia zima likoje. Siri iko kwenye namna ya kuchomoa: muuzaji asimchagulie, na yeye mwenyewe asijichagulie.

Mwaka 2015 Wizara ya Afya na Shirika la Kitaifa la Takwimu, yaani KNBS, wakishirikiana na Shirika la Afya Duniani, walifanya hivyo kwa nchi nzima. Utafiti huo unaitwa STEPS, maana yake hatua. Walichukua orodha ya maeneo madogo madogo yaliyogawanywa kwa ajili ya takwimu, wakachomoa maeneo 200, mia ya mjini na mia ya mashambani. Katika kila eneo wakachomoa nyumba 30. Hizo ni nyumba 6,000. Kisha katika kila nyumba akachaguliwa mtu mzima mmoja kwa bahati nasibu, mwenye umri kati ya miaka 18 na 69. Mwishowe walipatikana watu wapatao 4,500.

Hatua zenyewe zilikuwa tatu. Ya kwanza, maswali: unakula nini, unavuta sigara, umewahi kupimwa? Ya pili, vipimo vya mwili: shinikizo la damu, uzito, kimo, kiuno. Ya tatu, damu, ikichukuliwa asubuhi kabla mtu hajala chochote. Ikiwa sukari ya mtu aliyelala bila kula ilifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, au mtu tayari alikuwa akitumia dawa za kisukari, alihesabiwa kuwa na kisukari.

Nyumba ambayo haikufunguliwa

Hapa nikiri jambo. Nikiwa kijana niliwahi kuajiriwa kwa muda kukusanya takwimu za afya, nyumba kwa nyumba. Kwenye karatasi yangu kulikuwa na jina la kijana mmoja. Nikaenda asubuhi, hayupo, ametoka alfajiri kwenda kazini. Nikarudi mchana, hayupo. Mama wa nyumba ya jirani akaniona nimechoka, akaniita: "Mwanangu, mbona unahangaika? Njoo unipime mimi. Mimi nipo."

Nilikuwa na njaa, na jua lilikuwa kali. Kalamu yangu ilikuwa tayari mkononi. Mama mwenyewe alikuwa na nia njema kabisa. Nani angejua?

Lakini fikirini. Kama mimi ningemchukua yule mama badala ya kijana, na mwenzangu wa eneo jingine akafanya vivyo hivyo, na wa tatu pia, mwisho wa kazi tungekuwa tumewapima watu wanaopatikana nyumbani mchana. Vijana wa kazi, madereva, wachumaji, wafanyabiashara wangekuwa wametoweka kwenye hesabu. Halafu tungesimama mbele ya nchi na kusema, "Hivi ndivyo Wakenya walivyo." Ingekuwa uongo, japo kila namba iliyoandikwa ingekuwa ya kweli.

Nilirudi jioni nikampata. Alikuwa ameshakula, kwa hiyo damu haikuweza kuchukuliwa. Tukakubaliana, na kesho yake alichelewa kwenda kazini kwa saa moja akinisubiri na tumbo tupu. Matokeo yake siyasemi, ni siri yake. Lakini ile saa moja aliyotoa ilikuwa na thamani kuliko watu kumi waliojitolea bila kuchaguliwa.

Nawaambia hivi kwa sababu hapa kwetu ni rahisi sana kumkosa mwanamume. Miraa huchumwa mapema na lazima iwahi gari. Mtafiti akifika saa nne asubuhi, nani yuko nyumbani?

Tuhesabu uwanja huu

Sasa tufike kwenye majibu. Watafiti waliochambua damu ya watu zaidi ya 4,000 wa utafiti ule walipata kwamba asilimia 2.4 ya Wakenya wazima wana kisukari, na asilimia 3.1 wako kwenye mlango wake: sukari imepanda lakini haijafika kiwango cha ugonjwa.

Asilimia ni neno la ofisini. Tulilete uwanjani. Fikirini hapa pana watu wazima 1,000, na wako kama Wakenya wa utafiti ule. Basi 24 kati yao wana kisukari. Wengine 31 wako mlangoni. Na kati ya wale 24, ni 10 au 11 tu wanaojua. Hao 13 au 14 waliobaki wamesimama nasi hapa, pengine wanakunywa soda, na hawana habari.

Hao ndio sababu ya hesabu hii yote. Kliniki haiwezi kumwandalia dawa mtu ambaye haimjui. Bajeti haiwezi kumpangia mtu ambaye hajulikani yupo. Utafiti ndio unaotuambia kwamba kwa kila mgonjwa aliye kwenye daftari, kuna mwingine, na zaidi kidogo, ambaye hayumo.

Namba isiyo na ukingo msiiamini

Lakini msiichukue ile 2.4 kama namba iliyochongwa kwenye jiwe. Mnunuzi aliyechomoa vibunda vichache anaweza kukosea kidogo, na watafiti wakweli husema wanaweza kukosea kiasi gani. Wao walisema: kati ya 1.8 na 3.0. Yaani katika uwanja wetu wa watu 1,000, wenye kisukari wanaweza kuwa 18, wanaweza kuwa 30. Mtu akikupa namba moja tu bila ukingo, muulize ukingo wake uko wapi.

Tena kuna watu ambao utafiti ule haukuwatazama kabisa. Watoto hawakupimwa, na watoto wapo wenye kisukari, wanaohitaji insulini kila siku ili waishi. Waliopita miaka 69 hawakupimwa, na kisukari huongezeka kadiri mtu anavyozeeka. Mzee wangu, wewe una 68. Ukipita 69, utafiti wa namna ile hautakuchagua tena. Ndiyo maana nakuambia usiusubiri.

Jambo lingine: kila mtu alipimwa asubuhi moja tu. Kwa hesabu ya taifa hiyo inatosha. Kwa mtu mmoja haitoshi. Mhudumu akikuta sukari yako imepanda na huna dalili zozote, ni lazima kipimo kirudiwe siku nyingine kabla hujaambiwa una kisukari. Kwa hiyo usikate tamaa kwa namba moja, na usiidharau.

Na la mwisho, ambalo ni kubwa kwetu: utafiti ule ulipangwa kuisemea Kenya nzima, haukupangwa kuisemea kaunti moja moja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika Kaunti ya Meru. Nimewahi kuona mtu akichukua idadi hiyo, akazidisha kwa asilimia 2.4, akapata karibu 37,000, akatangaza kwamba hao ndio wagonjwa wa Meru. Amekosea mara mbili. Kwanza, ameingiza watoto wote wachanga na wa shule kwenye asilimia ya watu wazima. Pili, amechukua wastani wa nchi akaufanya wa Meru, kana kwamba Laare, Nairobi na Mandera ni kijiji kimoja.

Majirani na namba zao

Mtasikia pia namba za majirani. Utafiti wa namna hiyohiyo nchini Uganda mwaka 2014 ulipata asilimia 1.4. Wa Tanzania, mwaka 2012, ulipata asilimia 9.1. Je, mtu akivuka mpaka wa Namanga sukari inapanda karibu mara nne?

Kabla hujasema ndiyo, uliza maswali matatu. Walipima watu wa umri gani? Uganda walipima kuanzia miaka 18 hadi 69, Tanzania kuanzia 25 hadi 64. Ukiwaondoa vijana wa miaka 18 hadi 24, asilimia hupanda, maana wengi wao bado ni wazima. Swali la pili: walitumia kipimo gani, na mashine gani? La tatu: je, watu walikuwa kweli hawajala? Chai ya sukari iliyofichwa asubuhi inaweza kumhamisha mtu mzima akaandikwa mgonjwa. Huenda tofauti ya kweli ipo, lakini haiwezi kusomwa kwa kuweka namba mbili kando kando.

Hata mabingwa wa dunia hawakubaliani. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, IDF, linakadiria kwamba mwaka 2024 watu milioni 589 duniani walikuwa na kisukari, wenye umri wa miaka 20 hadi 79. Kundi jingine la wanasayansi, NCD-RisC, lilikadiria milioni 828 kwa mwaka 2022, kuanzia miaka 18. Hawa wa pili walimhesabu mtu akipatikana na sukari ya juu kabla ya kula, au akipatikana nayo kwenye kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili au mitatu iliyopita. Wapo watu ambao kipimo kimoja huwakosa na kingine huwanasa. Ukitumia vyote viwili, wavu wako una matundu madogo zaidi.

Ndiyo maana nawaomba msishtuke mkisikia namba za Kenya zimeruka. IDF ilikadiria Wakenya 552,400 mwaka 2019, na miaka miwili baadaye ikakadiria 821,500. Hiyo haina maana kwamba Wakenya 269,000 waliugua ghafla. Idadi ya watu huongezeka, tafiti mpya huingia, za zamani huondolewa, hesabu hurekebishwa. Na nchi isiyo na utafiti wake yenyewe hukadiriwa kwa kutazama nchi zinazofanana nayo. Yaani usipokubali kupimwa, utasemewa na jirani yako.

Mambo manne ninayowaomba

Kwanza, mtafiti mwenye kitambulisho akifika kwako na jina lako limechomolewa, usimtume ndugu yako badala yako. Uliza maswali yote unayotaka. Una haki ya kukataa, hakuna atakayekulazimisha. Lakini ukikubali, kubali wewe mwenyewe.

Pili, ukiambiwa usile, usile. Ule usiku wote hadi kipimo, maji peke yake. Vijana wangu, nawajua. Mtu anasema hajala, lakini amekesha akitafuna miraa na soda mbili na bigijii mdomoni. Soda ni sukari. Bigijii ni sukari. Huyo amekula. Mwambie mhudumu ukweli, mpange siku nyingine.

Tatu, msisubiri utafiti. Utafiti huchomoa wachache ili kuijua nchi, haukuja kukutibu wewe. Tangu Septemba 2023 mapromota wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye vifaa, kikiwemo kipimo cha sukari cha kidoleni. Muulizeni wa kijiji chenu. Ukiwa na kiu isiyoisha, ukikojoa mara nyingi usiku, ukikonda bila sababu, macho yakififia, au kidonda kikikataa kupona, usimngoje hata yeye. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Mtu mwenye dalili hizo akipimwa saa yoyote na sukari ikafika 11.1 au zaidi, hata kama amekula, ni kisukari. Na kama wewe ni mnene wa tumbo, au mzazi wako alikuwa nacho, au ulipata sukari ukiwa mjamzito, pimwa hata kama huumwi.

Nne, anayejua ana kisukari asijifiche. Si aibu, si laana, si ugonjwa wa matajiri wa mjini. Andikishwa kliniki na uendelee kurudi. Dawa huagizwa kwa waliopo kwenye daftari. Ukijificha, unamnyima pia mwenzako.

Nirudi kwa mzee wangu. Umeniuliza tulikuhesabu lini. Nimekueleza kwamba Kenya ilihesabiwa bila wewe, na hesabu ile, pamoja na kasoro zake, inasema kweli kubwa moja: walio wengi kati ya wenye kisukari hawajijui. Hesabu hiyo inaweza kuniambia kwamba uwanjani hapa wapo. Haiwezi kuniambia ni nani. Hilo linajulikana kwa tone la damu tu.

Mama mwenye meza pale chini ya mti ana kipimo. Najua umeshakunywa chai, nimekuona. Kwa hiyo leo mwandikishe jina, na kesho asubuhi njoo kabla hujaonja kitu. Mlete na mzee mwenzako. Kupimwa kwako hakutaingia kwenye asilimia ya taifa, lakini kutaingia kwenye daftari letu la hapa, na wewe utajijua.